Mshenga Aliyenitafutia Meneja

Siku ya ruracio yangu, yale mazungumzo marefu ya mahari, sikusema neno hata moja. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa wakwe, koti limenibana makwapani, nikawasikiliza wanaume wengine wakinijadili kama ng'ombe aliyeletwa mnadani. Ndivyo inavyotakiwa. Kijana anayejifungulia mdomo siku hiyo huonekana hana watu. Kiswahili cha vitabuni humwita anayekusemea mshenga. Sisi huku Nyeri tunamwita msemaji tu. Msemaji wangu alikuwa rafiki niliyeishi naye chumba kimoja chuo kikuu. Kazi hiyo kwa kawaida hupewa mtu mzima, lakini yeye alikuwa na sauti ya mzee tangu ujana, na wazee wetu walimruhusu. Alizunguka na maneno, akawachekesha wakwe, na jioni tukarudi nyumbani nikiwa nimeposa.

Miaka mingi baadaye nilipohitaji meneja, nilimwita mtu yuleyule. Wakati huo alikuwa na ofisi ya uwakala wa ajira mjini Nyeri, ghorofani juu ya duka la dawa, na wateja wake walifika hadi Nanyuki, kwenye mahoteli na ranchi. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue mjinga anayemsoma ni wa aina gani.

Kampuni yenyewe ilikuwa changa na ndogo. Nilikuwa nimefundisha chuoni kwa muda mrefu, huku nikiandika makala magazetini kuwahimiza vijana wajiajiri. Siku moja mke wangu alimaliza kusoma makala mojawapo, akalikunja gazeti, akaniuliza kwa nini mwandishi hajiajiri. Ndivyo nilivyoanzisha kampuni.

Wazo lilikuwa rahisi. Huko Mweiga watu wanalima viazi vizuri, waru kama tunavyoviita, lakini mnunuzi ni dalali anayefika na lori na kujaza lumbesa, yale magunia yaliyoongezewa kichwa cha wavu mpaka yanafanana na watu waliovaa vilemba. Sisi tungepokea ujumbe wa simu kutoka kwa mkulima, tukusanye waru yake kwenye stoo yetu Mweiga, tuichambue, tuipime kwa kilo, kisha tuipeleke kwenye hoteli na vibanda vya chipsi Nyeri, Karatina na Nanyuki. Kwenye karatasi ilipendeza. Tatizo lilikuwa mimi. Nikimwona mkulima amehuzunika, nanunua hata waru iliyogeuka kijani. Nilihitaji mtu wa kusimamia stoo, anayeweza kumwambia mkulima hapana asubuhi na kumwambia mpishi wa hoteli hapana mchana, na wote wawili wakaendelea kumsalimia.

Tena nilimhitaji haraka. Hoteli moja kubwa ya Nanyuki ilikuwa imekubali kutujaribu. Tukiwapelekea waru safi msimu mzima bila kukosa, wangetupa mkataba. Wakulima nao walikuwa wameanza kuwafukuza madalali kwa sababu yetu. Tungeanguka katika mavuno yale, dalali angerudi na lumbesa zake, na angerudi akiwa na hasira.

Rafiki yangu alinikaribisha nyama choma, akafungua kompyuta yake ndogo kando ya sahani ya mifupa.

"Profesa," akasema. Sikuwahi kuwa profesa. Aliniita hivyo tangu niliposhindwa kuendelea na masomo. "Niambie unataka mtu wa aina gani."

Nikamwambia nataka mtu mwaminifu, mchapa kazi, mwenye subira, asiyechagua kazi, na ambaye hatanikimbia.

Niliporudi nyumbani nikamwelezea mke wangu, alikuwa anachuja chai. Hakugeuka.

"Huyo ni punda unatafuta," akasema.

Nilicheka, lakini sikurudi kubadilisha maelezo. Leo ninapokutana na kijana ameanzisha kampuni na anataka kumpa wakala kazi ya kumtafutia watu, humwuliza kwanza kama anaweza kunieleza siku moja nzima ya huyo mtu anayemtaka: anaamka aende wapi, anagombana na nani, saa ngapi anahisi baridi. Wengi hawawezi. Hata mimi sikuweza. Ukimpa wakala sifa za punda, utamlazimu ajaze mengine yote kutoka kichwani mwake, na kichwa cha wakala kina wateja wengine ndani.

Alimpata mwanamke wa makamo kutoka Nakuru aliyekuwa amesimamia stoo ya mboga za kusafirishwa nje. Tulikutana watatu kwenye chumba cha hoteli mjini. Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yetu, nami nikafanya kama nilivyofanya siku ya ruracio. Niliketi, nikafunga vifungo vya koti, nikatikisa kichwa mahali palipofaa. Rafiki yangu ndiye aliyeuliza, na mara mbili tatu ndiye aliyejibu.

"Hawezi kuogopa baridi ya Mweiga, huyu," aliniambia mwanamke akiwa palepale.

"Siogopi," mwanamke akasema, akamtazama yeye, hakunitazama mimi.

Kwa mtu wa kwetu hakuna kilichokuwa cha ajabu. Msemaji yuko kazini, wenye mambo wamenyamaza, heshima imekaa mahali pake. Niliona hata fahari kidogo. Kule Nairobi, nilijiambia, watu wangekuwa wanarushiana maswali kama wako kortini.

Baadaye rafiki yangu alinisindikiza hadi kwenye gari.

"Huyu ni wako," akasema. "Nyeri ameipenda sana. Ati anataka hata kununua ploti atulie huku."

"Kweli? Basi ngoja nimwulize."

"Wacha. Usimwulize. Mtu akiwa na mpango wa ploti hapendi bosi aujue. Hiyo niachie mimi."

"Na mshahara?"

"Profesa, mkianza kuvutana kabla hamjajuana mtaharibu. Niko hapa ya nini?"

Nilishusha pumzi. Hakuna kitu kinachonitisha kama kumtajia mtu mshahara nikimtazama machoni. Mtu wa tatu aliponiondolea aibu hiyo, nilimwona kama ndugu.

Na kazi, nakiri, mwanamke aliijua. Mwezi haukuisha kabla lumbesa hazijakoma kuonekana langoni petu. Alitengeneza ubao wenye matundu ya ukubwa tofauti, na mkulima akibisha kwamba waru yake ni kubwa, anamwambia aipitishe mwenyewe. Ikidondoka, imedondoka. Wakulima walimwita Madamu, wakamwogopa vizuri. Mimi nilirudi kwenye meza yangu nikaandika makala ndefu kuhusu siri ya kuajiri watu wanaofaa. Ilichapishwa. Namshukuru Mungu kwamba magazeti hufungiwa nyama.

Kitu pekee nilichofanya kwa upande wangu kilikuwa cha ukarimu, au ndivyo nilivyodhani. Kwa kuwa nimekatazwa kutaja ploti, nikaanza kumtumia picha za ploti kwenye simu bila kusema kitu. Moja ya Kiganjo, karibu na barabara. Nyingine ya Ruring'u, ina maji. Alinijibu kila mara, "Asante bosi," basi. Nikasema moyoni, huyu ana siri kama chungu kilichofunikwa.

Wiki chache kabla ya mavuno makubwa alikuja ofisini mjini, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alikaa bila kuvua koti.

"Bosi, nimeambiwa nisikuulize hili. Lakini siwezi tena kungoja. Nakuru tunafungua lini?"

"Nakuru gani?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa mbele yake.

"Stoo ya Nakuru," akasema polepole. "Ile ambayo nitasimamia. Si ndiyo sababu nilikuja?"

Akanieleza. Mama yake alikuwa amepata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala. Dada yake mdogo ndiye aliyekuwa anakaa naye, lakini dada alikuwa amepata kazi Uarabuni na siku ya kusafiri ilikuwa imekaribia. Rafiki yangu alikuwa amemwambia kwamba kampuni inafungua stoo Nakuru kabla ya mavuno na kwamba huku Mweiga ni kujifunza tu. Kwa hiyo mwanamke alimwambia dada yake akubali ile kazi ya ng'ambo bila wasiwasi. Yeye atakuwa amerudi.

"Alisema nisikutajie," akaendelea. "Ati mambo ya Nakuru ni siri yako na watu wa mtaji. Nikikuuliza utaona niko na haraka."

"Na ploti?" nikauliza.

"Ploti gani?"

"Za Kiganjo. Ruring'u. Si unataka kutulia Nyeri?"

Alicheka kidogo, na kile kicheko ndicho kilichoniumiza.

"Mimi? Bosi, nilifikiri umeanza kazi ya udalali wa mashamba. Nilikuwa naona aibu kukukatalia. Nilisema labda mshahara utalipwa kwa hizo ploti."

Tulikaa pale, watu wawili wazima, kila mmoja akiwa amekatazwa kumwuliza mwenzake swali moja. Hata bila msemaji chumbani tuliendelea kumtii. Nadhani ni sisi tu wa sehemu hizi tunaoweza kuajiriana hivyo na kuiita adabu.

Nilimpigia rafiki yangu simu. Alikuwa anatoka Nairobi, akasema tukutane Sagana, atakuwa anakula samaki. Nilishuka huko nikiwa na hotuba kamili kichwani. Nilimkuta ana mikono miwili kwenye samaki mzima, amefunga tishu shingoni kama mtoto.

"Kaa ule, profesa. Unaonekana kama mtu aliyefiwa."

"Ulimwambia nafungua stoo Nakuru."

"Hutafungua?"

"Sina hata ya pili Nyeri!"

"Lakini uliwahi kusema ungependa kampuni ifike Nakuru. Siku ile ya nyama."

"Nilisema ningependa ifike hata Kampala. Nilikuwa nimekunywa."

Alifuta vidole kimoja kimoja. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilikuwa nimekuja kupigana na mtu anayejua kwamba amekosa.

"Sikiza," akasema. "Wewe ulitaka mtu ambaye hatakimbia. Yeye alitaka kazi ya karibu na mamake. Ningewaambia hivyo, mngekutana? Hamngekutana. Nikampa kila mmoja kitu cha kumfanya avumilie, mzoeane. Watu wakizoeana wanamalizana wenyewe. Hiyo ndiyo kazi."

"Hiyo ni kudanganya watu."

"Hata kwenu tulifanya hivyohivyo na hukulalamika."

"Kwetu wapi?"

"Kwa wakwe zako, bwana. Unafikiri yule mzee alikubali kwa sababu gani, urefu wako? Nilimwambia una barua ya kwenda ng'ambo kusomea udaktari, ukirudi unakuwa profesa. Kwa nini unadhani nakuita profesa?"

Alisema akicheka, kama mtu anayekumbusha rafiki mchezo wa zamani wa mpira. Mimi niliangalia mfupa wa samaki. Kwa miaka yote hiyo nilidhani jina lile ni utani juu ya kushindwa kwangu, nikalivumilia kwa sababu ya urafiki. Kumbe lilikuwa utani juu ya ushindi wake.

Nilimwambia kwamba nitampoteza meneja kabla ya mavuno. Akanyoosha mkono akanipiga begani, harufu ya samaki ikaja nao.

"Akienda nakuletea mwingine. Bila ada. Si iko kwa mapatano yetu?"

Ilikuwa kwenye mapatano yetu, kweli. Sikuwa nimemwuliza yeye anafaidi nini wa kwanza akikaa; mtu anayekuahidi mbadala wa bure anaweza asione sababu ya wa kwanza kukaa. Vilevile sikuwa nimewahi kumwuliza anamtumikia nani mwingine wakati ananitumikia mimi. Ni maswali mawili madogo, ya kuulizwa kabla ya nyama kufika mezani. Niliogopa yangeonekana kama simwamini, na nilikuwa namwamini.

Nilifika nyumbani nikamweleza mke wangu yote, pamoja na ile ya barua ya ng'ambo. Hiyo nilimwambia kwa sauti ya chini, nikiwa tayari kuomba radhi kwa niaba ya mwongo. Aliendelea kumenya ndizi.

"Baba alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Kwamba hakuna barua. Mlipoondoka alisema msemaji ni mwongo, lakini kijana ananyamaza vizuri, atafaa."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Sikulala vizuri. Inauma kusalitiwa na rafiki, lakini inauma kwa namna nyingine kugundua kwamba kila mtu katika ule mkutano alijua kilichosemwa isipokuwa wewe uliyesemewa.

Asubuhi nilikwenda Mweiga kabla wakulima hawajafika. Nilitaka kumwambia meneja mwenyewe, kwa mdomo wangu, mambo ambayo nilipaswa kumwambia kwenye ile hoteli. Alikuwa kwenye mlango wa stoo, kikombe cha chai mkononi, ukungu haujaondoka kwenye mashamba.

Nikamwambia hakuna Nakuru, na kwamba haikuwahi kuwapo. Nikamwambia mshahara ninaoweza kulipa na kwamba mwaka huu hautapanda, kwamba stoo hii ni baridi na itaendelea kuwa baridi, na kwamba nikimkosa msimu huu sijui kama kampuni itafika msimu mwingine. Nikamwambia pia kwamba sikumtuma yule mtu aseme aliyosema.

"Najua hukumtuma," akasema. "Lakini alisema kwa jina lako, na wewe ulikuwa umekaa pale ukitikisa kichwa. Kwangu mimi, wewe ndiye uliyesema."

Nilikuwa nimekuja nikiwa msalitiwa, na ghafla nikawa nimesimama upande wa pili wa meza, pamoja na rafiki yangu.

"Alinipigia jana jioni," akaendelea. "Huyo rafiki yako. Ati amesikia sina raha huku. Iko kazi kwa hoteli Nanyuki, kusimamia stoo ya jikoni."

Jana jioni. Kumbe hata samaki alikuwa hajamshuka tumboni. Alichokisikia kutoka kwangu kwa uchungu, alikwenda nacho sokoni njiani kurudi.

"Utaenda?"

"Alisema nifanye mwaka mmoja tu. Ati baada ya hapo mwenye hoteli atafungua nyingine Nakuru."

Tulitazamana. Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka mpaka chai yake ikamwagika, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyeona ni jambo la kuchekesha.

"Nilimwomba namba ya mwenye hoteli niongee naye mwenyewe," akasema. "Akasema mtandao ni mbaya, akakata."

Dada yake alikuwa anasafiri Jumamosi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumgeuza mama kitandani. Nilipendekeza kumlipia mtu wa kukaa na mama hadi mavuno yaishe, na alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole, jinsi unavyomsikiliza mtu anayekuonyesha ploti. Akasema mtu wa kumwosha mama hapatikani kwa siku tatu. Yeye mwenyewe angehitaji muda wa kumtafuta, kumwangalia, kuuliza majirani zake. Kumtafuta mtu si mchezo, akasema.

Alinionyesha stoo kuanzia mlangoni hadi ukutani: waru ya mkulima yupi ilichimbwa ikiwa mbichi na isipangwe chini, mizani ipi inadanganya kunapokuwa na unyevu. Niliandika kiganjani kwa sababu sikuwa na karatasi. Langoni punda wa kwanza walikuwa wamefika na mikokoteni, na wenyewe wakauliza Madamu yuko wapi.

Nilimwuliza swali moja kabla hajaenda kufunga mizigo. Kama siku ile mjini ningemwambia ukweli wote, baridi, mshahara, hakuna Nakuru, angekuja?

Alifikiri. Alipangusa chai kwenye mkono wa koti lake.

"Kwa msimu mmoja ningekuja," akasema. "Nilihitaji kazi. Ningemwambia dada asubiri mpaka mavuno yaishe, na angesubiri. Huu msimu ningekumalizia."

Kisha akavua mnyororo wa funguo za stoo aliouvaa shingoni, akanipa, akaenda kuwaambia wakulima mwenyewe kwamba anaondoka. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza akieleza. Hakuwaambia kosa ni la nani. Mzee mmoja alimwuliza sasa nani atapima, naye akageuka akaninyooshea mkono. Wazee wakanitazama, wakanipima kwanza wao, na mmoja akaanza taratibu kufungua mbele yangu gunia lake lililoongezewa kichwa, ambalo Madamu asingelipokea.